Maonyesho ya Dunia Katika Mbuga ya Kasimbilwa

Risala ya wakazi, iliyosomwa na Ndugu Eufrazia Kalisti, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, Mpanda, Oktoba 1976

Mgeni rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Tume ya Kuchunguza Uwezekano wa Kufanya Maonyesho ya Dunia Nchini;
Ndugu wajumbe wa Tume;
Ndugu viongozi wa Chama na Serikali mliotoka mjini;
Ndugu wafanyabiashara wa Kashaulili, pale mjini, ambao tunaona mmekuja wengi kuliko tulivyotegemea;
Wazee wetu, mama zetu, na wanafunzi mlioko kule nyuma:

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa Kijiji cha Ujamaa Kasimbilwa tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tunakupa pole ya safari. Tunajua treni ya kutoka Kaliua haikuwa na haraka. Tangu jana mchana tulikuwa tayari na ngoma zetu. Tukaziotesha moto, tukasubiri, zikalegea, tukaziotesha tena. Ukiona wachezaji wamechoka usidhani ni kwa kukosa furaha. Wamechoka tu.

Tunaomba radhi pia kama msomaji atakosea. Ni mara ya kwanza kijiji hiki kusoma risala mbele ya mtu aliyetumwa kuangalia kama dunia nzima inaweza kuja kwetu. Hadi majuzi hatukujua hata kwamba dunia inatafuta mahali pa kwenda.

Risala hii iliandikwa na kamati yetu, ikapelekwa ofisini mjini kusahihishwa, ikarudi ikiwa fupi. Tuliagizwa kwamba sehemu ya matatizo isizidi mistari mitatu. Tumetii agizo hilo kama lilivyo. Kama sehemu nyingine zimerefuka, lawama ziwe zetu sisi, wala zisiifikie ofisi.

HISTORIA FUPI YA KIJIJI

Babu zetu waliishi wametawanyika porini, wakirina asali na kulima ulezi. Enzi za Mwingereza ugonjwa wa malale ulipozidi, walikusanywa wakae mahali pamoja. Walikubali. Baadaye ukafunguliwa mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda, reli ikajengwa kuufuata, vijana wakaitwa kazini na wakahamia kambini na wake zao. Mgodi ulipofungwa, kambi nayo ilifungwa, wakatoka. Mwaka juzi ikaja Operesheni ya vijiji, nasi tukapakiwa kwenye malori pamoja na kuku wetu, vinu vyetu na milango yetu, tukashushwa hapa mbugani, Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, na wengine ambao hata kusalimiana tulikuwa hatujui tuanze na lugha ipi.

Hatusemi haya kwa kulalamika, na tunaomba isieleweke hivyo. Kila tulipohamishwa tuliambiwa ni kwa faida yetu, na mara nyingine ilikuwa kweli. Operesheni imetupa shule na zahanati. Lakini katika kijiji hiki, mtoto akiuliza kwao ni wapi, mpaka sasa ilikuwa ni lazima umsimulie safari. Ndiyo kwanza mwaka huu tumeanza kuwasikia watoto wakisema "kwetu Kasimbilwa" bila bibi zao kuwasahihisha.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Telesphor Isidori, yule aliyekupokea na kukushika mkono kwa muda mrefu, amehama mara zote hizo. Mara ya kwanza alibebwa mgongoni. Nyumba yake ina mlango wa mninga alioutengeneza alipokuwa mgodini, na ndio huo huo aliokuja nao hapa. Akiambiwa ahame, huung'oa, huufunga kamba, na kuusimamisha mahali papya. Tulipopata habari kamili za Maonyesho, tulimwona anazipaka mafuta bawaba zake. Hatukumwuliza kwa nini.

MAFANIKIO

Mwaka wa kwanza hatukuvuna kitu, kwa sababu tulishushwa wakati wenzetu wanapalilia. Tulikula unga wa njano wa msaada, na tunaishukuru Serikali kwa unga ule. Ila hatutaki kuuona tena. Likaja agizo la Kilimo cha Kufa na Kupona, kila kaya na ekari zake. Wazee wa Kipimbwe walio kati yetu wakaichukua ardhi ya hapa wakaivunja kwa vidole, wakasema hii ni ya mpunga, hii inashika maji. Tukalima mpunga. Msimu wa kwanza ndege walikula zaidi kuliko sisi. Msimu uliopita tulijenga madungu ya kulindia, watoto wakapiga makopo tangu alfajiri, na tukavuna mavuno ambayo wengine hatujawahi kuyaona tangu tuzaliwe.

Mama yetu Nyamizi, aliye mkubwa kuliko sisi wote, alikuwa bado na unga wa njano ndani ya debe, ameuweka kwa hofu. Siku tulipomaliza kupura aliutoa akawamwagia kuku. Kuku waliuangalia kwanza.

Mafanikio mengine ni kisomo cha watu wazima. Watu wengi wa hapa, waliokuwa wakiweka dole gumba, leo wanasoma. Kwa hiyo kiliposimikwa kile kibao unachokiona pale katikati ya mbuga, hakuna aliyehitaji kusomewa. Kila mtu alikisoma mwenyewe: ENEO LA MAONYESHO, USILIME. Mimi msomaji ndiye niliyewafundisha herufi zote hizo, na nilisimama pale nikiwasikia wanaziunganisha moja moja, na sikufurahi kama mwalimu anavyopaswa kufurahi.

JINSI TULIVYOSHINDA

Mgeni rasmi, tumeambiwa kwamba Tume imezipitia sehemu nyingi zilizo kando ya reli, na kwamba mbuga ya Kasimbilwa imekuwa ya kwanza: tambarare, wazi, na yenye maji ya kutosha. Ni heshima kubwa. Tunataka tueleze tulivyoipata, kwa sababu tunaogopa kwamba hatukuistahili.

Mwezi wa nane tulikuwa tumesikia kuna mashindano ya vijiji, na kijiji bora kitapewa mashine ya kusaga. Mgeni rasmi, mashine ya kusaga hapa si jambo dogo. Wanawake wa hapa hutwanga, au hujitwika mzigo mpaka mjini na kurudi, na ukifika mjini mashine imeharibika unarudi na mahindi yako yale yale. Basi tarishi alipokuja kutuambia kwamba kesho yake watafika wageni wa kupima, hatukuuliza wanapima nini. Tulijua. Majaji walikuwa wamekaribia.

Sasa ni lazima tueleze desturi yetu. Kwetu ni aibu mgeni aone upungufu wa mwenyeji. Nyumba ikikosa mkeka, jirani huupitisha wake kwa mlango wa nyuma. Ikikosa kuku, jirani hutoa kuku. Mgeni hula, hulala, huondoka akisifu, na hajui kamwe alikula cha nani. Hayo ndiyo malezi tuliyopewa, na katika makabila yote yaliyoshushwa hapa, hilo ndilo jambo ambalo hatukuhitaji kufundishana.

Kwa hiyo kijiji kizima kilifanya kama nyumba moja. Tulichoma nyasi mapema na kufagia majivu. Tulisawazisha vichuguu vya mchwa kwa majembe. Kisima chetu, ambacho mwezi wa nane hubaki tope na vyura, tulikijaza: wanaume waliviringisha mapipa kutoka mtoni, wanawake walibeba madebe, tangu asubuhi hadi jua linazama. Dada yetu Vénérande, ambaye asili yake ni Burundi na ameolewa hapa kijijini, alisema hata kwao mama yake alifanya hivyo hivyo padri alipokuwa anakuja. Tukacheka, tukaendelea kumimina.

Halafu ilikuwepo mitumbwi. Ndiyo, Mgeni rasmi, tuna mitumbwi. Tukaiona imelala hovyo juu ya ardhi kavu, tukasema majaji watatuona wavivu, watu wa kuacha vitu ovyo. Tukaibeba tukaificha nyuma ya shule na kuifunika kwa nyasi.

Aliyekuja alikuwa Ndugu Ponsian, mpima wa Tume, ambaye yuko hapa leo, ameketi mwisho wa mstari. Ni kijana mwenye adabu, na kazi yake aliifanya bila kubahatisha. Alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akapima, na kweli ardhi ilikuwa tambarare. Alishusha kamba kisimani, na kweli ilirudi imelowa. Akamwuliza Mzee Telesphor kama maji yale yanatosha. Mzee akajibu hayajawahi kumpungukia mgeni. Ndugu Ponsian akauliza kama mbuga ina tatizo lolote wakati wa masika.

Mzee akasema, "Hakuna kitu, mwanangu. Mvua kwetu ni baraka."

Ndugu Ponsian akaandika. Akala kuku, ambaye alikuwa wa Nyamizi, akapewa kibuyu cha asali, akaondoka. Sisi tulicheza ngoma. Baada ya majuma machache tukaliona lori linakuja kwa vumbi, na akina mama wakatoka na vigelegele, wengine wakiwa na mahindi tayari kwenye ungo ili wawe wa kwanza kusaga. Lori likashusha mawe ya mpaka ya saruji, na kibao kile.

UPEMBUZI WETU

Ndugu Ponsian alirudi akatueleza vizuri, kwa subira. Alisema mataifa mengi yatakuja, kila taifa litajenga nyumba yake na kuonyesha mitambo yake na kazi za watu wake, na watu wa kuja kutazama kwa siku moja watakuwa wengi kuliko wakazi wote wa Mpanda, na itakuwa hivyo kwa miezi sita. Mzee Telesphor aliuliza baada ya miezi sita kunakuwa na nini. Akaambiwa nyumba nyingi hubomolewa. Dungu la kulindia ndege sisi huliacha lisimame mpaka msimu mwingine.

"Sasa mwanangu," Mzee akasema, "kwa nini wasije tu kutusalimia?"

Tuliambiwa kwamba kazi ya Tume ni upembuzi, na kwamba maoni ya wananchi yatakaribishwa. Basi nasi tulikaa, mabalozi wote wa nyumba kumi, tukaupembua ugeni huu kwa vipimo tunavyovijua. Sisi mgeni tunampima kwa kuni, kwa maji, kwa chakula, kwa mahali pa kulala, na kwa mtu wa kukaa naye, kwa sababu mgeni haachwi peke yake kama mzigo stesheni.

Balozi Gaspar alikwenda Kashaulili kuangalia mahali pa kulala. Alizipitia nyumba za wageni zote, na hakuchelewa kumaliza. Katika mojawapo alimkuta mchuuzi wa dagaa kutoka Ikola amelazwa jikoni na magunia yake, na mwenye nyumba akamwambia hapo pamejaa. Gaspar alirudi akiwa na wasiwasi. Tunajua wenzetu wa Kashaulili wamekwisha paka maduka rangi, na wana haki ya kutumaini, lakini rangi hailaliwi.

Kuhusu kuni, akina mama walisema wazi kwamba hata sasa wanakwenda mbali. Kuhusu vyoo, kamati iliona aibu kuandika, ila inatosha kusema kwamba wakati wa masika hapa ukichimba shimo unapata kisima, na kwamba hilo ndilo shimo pekee linalojaa bila sisi kubeba maji.

Kuhusu chakula, ndipo mkutano ulipokwama. Nyamizi alisimama kwa shida akauliza Mgiriki anakula nini. Hatukujua. Akauliza Mjapani je. Kijana mmoja aliyesoma akasema anakula wali kama sisi. Nyamizi akafurahi kidogo, akakaa, halafu akasimama tena.

"Huo mchele wao," akasema, "nyie mtaulimia wapi, na wao wamekaa juu ya shamba?"

Tunaleta swali hilo mbele yako kama lilivyo, kwa kuwa Tume ina wataalamu.

Katika mkutano huo pia dada Vénérande aliomba kusema. Yeye huwa hasemi mikutanoni, kwa kujiona mgeni, ingawa hakuna anayemwona hivyo. Alisema, "Mimi kule nilikimbia nikijua ninakimbia nini. Wanangu wakiniuliza safari hii tunakimbia nini, nitawaambia nini? Wageni?" Akakaa. Tumeandika maneno yake hapa kwa ruhusa yake, na ofisi iliyakata, na tumeyarudisha.

Hatusemi haiwezekani. Watu walisema reli haiwezi kufika Mpanda, ikafika. Walisema sisi watu wazima hatuwezi kujua kusoma, na sasa tunasoma mpaka tunakosa usingizi. Na hatutaki mtu aondoke hapa akisema Kasimbilwa wameyakataa mataifa. Wakija hata wawili, au basi zima, watakula na kulala, na hawatajua kuku alikuwa wa nani. Tunachoogopa ni wakija wote.

MATATIZO

Mbuga hii hujaa maji kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa nne.
Kisima hiki hukauka kila kiangazi, na leo hatukukijaza.
Ndugu Ponsian hatukumwambia.

Mistari mitatu imekwisha.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ombi letu la kwanza ni kwamba Ndugu Ponsian asilaumiwe. Tunamwona hapo alipo ameinamisha kichwa, na inatuuma. Aliuliza yote yanayopaswa kuulizwa, na aliandika alichojibiwa na mzee mwenye mvi. Angemwamini nani mwingine? Kosa ni letu, tulilifanya kwa mapenzi, na kama kuna adhabu iangukie kijiji. Mzee Telesphor alitaka asimame mwenyewe aseme haya. Kamati ikaona angeanza kukukaribisha upya, na tungefika jioni.

La pili, tunaomba tusiitwe wapinga maendeleo. Neno hilo likishaandikwa juu ya kijiji, haliondoki hata kijiji kikihama. Kama ni lazima Maonyesho yawe Mpanda, kuna eneo la mgodi wa zamani, lililoinuka, lenye mawe na misingi ya majengo, na hakuna jembe linaloingia pale. Sisi wenyewe tutakwenda kufyeka, bila kuitwa mara mbili. Na wenzetu wa Kashaulili hawatakuwa wamepaka rangi bure.

La tatu, tunakuomba usiamue ukiwa umeiona mbuga ikiwa kavu tu. Rudi mwezi wa tatu. Usihofu kuhusu usafiri kutoka barabara kuu hadi hapa, tutakufuata wenyewe. Waheshimiwa wajumbe mlioketi kwenye benchi upande wa kushoto, tunaomba muinue kidogo vitambaa mlivyotandikiwa. Hizo benchi ni mitumbwi, tumeipindua. Safari hii tumeona ni afadhali muikalie kuliko tuifiche. Mwezi wa tatu mtaikalia tena, ikiwa imegeuzwa upande wake, na mtaletwa mpaka hapa hapa mlipo.

Ombi la nne ndilo lililotufanya tuiandike risala hii mara nyingi. Linahusu kibao.

Kibao kinasema tusilime. Tulikwenda ofisini kuuliza ni mpaka lini. Tukaambiwa tungoje Tume iamue. Tukauliza Tume itaamua lini. Tukaambiwa pengine katikati ya mwaka ujao, na tukaambiwa pia tusiulize kwa sauti ile. Mgeni rasmi, mpunga wa mbuga humwagwa ardhi ikiwa kavu, kabla ya mvua ya kwanza. Ukingoja mvua, maji yatafika kabla mche haujapata shingo, na huna mpunga, una dimbwi. Jana mawingu yalikuwa yamejaa juu ya milima ya Mwese. Wote tuliyaona. Watu walikuwa wanaangalia reli upande mmoja kama unakuja, na Mwese upande mwingine kama mvua inakuja, na shingo zinauma mpaka sasa.

Tunaogopa. Kamati ilitafuta neno lenye heshima zaidi la kuweka hapa, ikalikosa. Tunaogopa njaa ambayo tumekwisha kuijua ladha yake na rangi yake. Tunaogopa kumkosea mgeni, na tunaogopa kuiasi Serikali iliyotuambia tulime, na hiyo hiyo imetuambia tusilime, na amri zote mbili zina mhuri. Tunaomba utuambie leo, kabla hujapanda gari, ni amri ipi tuifuate. Hatuhitaji maandishi. Ukitikisa kichwa tu, kukubali tulime au kukataa, tutaelewa.

Ombi la tano na la mwisho ni dogo. Linahusu magari.

Magari yenu yatakapoondoka, tunaomba madereva wafuate njia ya upande wa shule, ile mliyojia, hata kama ni ya kuzunguka. Tunaomba wasikate katikati ya mbuga kupita karibu na kibao. Tunajua ni njia fupi, na tunajua kwamba ukiitazama ardhi ile kutoka hapa inaonekana tupu.

Haikuwa amri ya mtu. Juzi asubuhi mama Nyamizi alionekana pale peke yake na ungo wake wa mbegu za mpunga. Hakumwaga kitu kwa muda, alisimama tu. Baadaye akaonekana Vénérande, na watoto wake nyuma. Mzee Telesphor alitoka mbio kwenda kuwakataza, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti na ndiye aliyekwenda ofisini kuuliza, na tulimwona ananyanyua fimbo, anasema nao, anasema nao tena. Jua lilipofika utosini alikuwa amevua viatu na anawaelekeza wasimwage kwa kujaza, watawanye. Wengine tulikwenda kumfuata mwenyekiti, kama inavyotakiwa.

Kibao hatukukigusa. Tumekizunguka.

Tunaomba tu wasikanyage.

Mungu akufikishe salama kwa watoto wako, Mgeni rasmi, akupe usingizi mzuri ndani ya treni, na mwezi wa tatu akurudishe utukute.

Ni sisi,
Wakazi wa Kijiji cha Ujamaa Kasimbilwa, Mpanda.